Gudi Mbili Zilizofifia

Watu wanaolipwa ili walale ni wachache, na Bi Kumi alikuwa mmoja wao. Wivu usikupande haraka. Alilala kweli, tena mchana kweupe, mbele ya washonaji na mafundi wa gundi, lakini alilala kama mtu anayesubiri daktari: macho wazi, mikono ubavuni, viatu amevivua na kuvipanga chini. Kiwanda kilikuwa cha magodoro, naye ndiye mkaguzi. Kila godoro lililotoka kwa washonaji lililetwa kwenye jukwaa lake la mbao, la kimo cha goti. Kwanza analikandamiza kwa kiwiko, anahesabu mpaka kumi aone kama sponji itarudi juu. Kisha analala chali, anahesabu kumi. Anageukia ubavu, kumi nyingine. Ananusa kona ajue kama gundi imekauka. Mwisho anashuka, anavaa viatu na kuchukua muhuri.

Jina lake lilitoka kwenye hizo kumi. Alizihesabu hata nyumbani. Ukimwuliza kama atakunywa chai, anahesabu. Ukibisha hodi, anahesabu, na jirani mwenye haraka alikuwa ameshaondoka zake kabla mlango haujafunguliwa. Hakuwa mzito wa akili, wala usimdhanie hivyo. Hakutaka tu kutoa neno ambalo angelijutia.

Sasa muhuri. Mzee mwenye kiwanda, wakati anafungua kiwanda chake, aliagiza mihuri mitatu ya Kiingereza, kwa kuwa aliamini godoro likisifiwa kwa Kiingereza hulaliwa kwa adabu zaidi. Mmoja ulikuwa wa magodoro mazuri, wa pili wa yale ya wastani, wa tatu wa yasiyofaa. Mchonga mihuri akaleta ule wa kwanza, akahama mji na hiyo miwili, na mpaka leo hajulikani alipo. Ukabaki muhuri mmoja wenye neno moja la herufi nne, good, ambalo pale kiwandani kila mtu, kuanzia mzee mpaka mlinzi wa geti, alilitamka gudi. Mzee akasema basi, huo huo unatosha, kwani nani anauza kitu kisicho gudi?

Eti unatosha. Hebu mpe mtu neno moja, umwambie aseme kwalo kila kitu, uone kama hatarukwa na akili. Mwaka wa kwanza Bi Kumi aliteseka. Godoro zuri, gudi. Godoro lenye bonde katikati, gudi. Godoro lililonuka gundi mpaka macho yanatoka machozi, gudi vilevile. Mwaka wa pili alichoka kusema uongo, akaanza kuugeuzageuza mkono.

Gudi iliyosimama wima, wino umekolea, kwenye kona ya juu ya lebo, ilikuwa gudi ya kweli, unaweza kumlaza hata mama mkwe. Gudi iliyoinama kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani, ilikuwa gudi ya kawaida: itakuhudumia, ila mwaka wa pili kona zitaanza kulegea. Ikiwa kichwa chini, hilo ni la gesti, maana mgeni analala leo na kesho anaondoka, hatajua kilichompata. Ikikaa juu ya mshono, nusu kwenye lebo na nusu kwenye kitambaa, lirudi kwa watu wa gundi walirekebishe kimyakimya bila kutukanwa. Gudi iliyofifia, ya wino kidogo, ilikuwa gudi ya mtoto. Mtu mzima akililalia hilo atafika sakafuni kabla usingizi haujamfika. Na gudi mbili zilizosimama wima sambamba, wino mzito, hizo zilitoka labda mara nne kwa mwaka, na wapakiaji walizipokea kwa mikono miwili. Godoro hilo liliwekwa kando likingoja watu wanaoanza maisha pamoja.

Hakuna aliyewafundisha wapakiaji haya. Waliyajua wenyewe kwa kubeba. Kiongozi wao, jamaa mmoja mwembamba aliyeitwa Kamba kwa sababu hakuna aliyefunga mzigo kama yeye, alikuwa akitupia lebo jicho moja tu na kujua godoro liende wapi. Mzee mwenye kiwanda ndiye peke yake asiyejua lolote. Alipita kila wiki akitikisa kichwa, akisema mkono wa huyu mama unatetemeka, atafutiwe miwani.

Utauliza kwa nini alijisumbua hivyo. Alikuwa na sababu, na kwa kuwa haichekeshi, niiseme haraka tuendelee. Bi Kumi aliwahi kuolewa akiwa msichana. Alikaa kwa mume miaka miwili, siku moja mume akamrudisha kwao pamoja na sanduku lake. Mama yake akauliza kosa ni lipi. Yule bwana akajibu hana kosa, ni mtu mzuri tu, kisha akaaga na kwenda zake. Mzuri tu. Angesema ni mvivu, angesema anachoma wali, angalau mwenzake angekuwa na jambo la kulishika. Bi Kumi alilia mwezi mzima bila kujua analilia nini. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna kitu kitakachopita mikononi mwake bila kuambiwa kasoro yake. Na yeye mwenyewe, kwa miaka ishirini na sita, hakumkaribia mtu yeyote wa kumkagua.

Sasa hapa ndipo dereva anapoingia. Dereva wa lori la kiwanda alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti ndogo ajabu, kana kwamba ameazima sauti ya mtu mwingine. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita nyuma. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, alikuja kusimama penye mwisho wa jukwaa la Bi Kumi ili amsalimu. Watu wengine wote pale kiwandani walikuwa na tabia ya kumkatiza akifika saba: mara dada hii kona vipi, mara dada chai imefika. Dereva hakuwahi. Alisimama kofia mkononi mpaka kumi iishe, ndipo aseme, "Umeamkaje, dada?" Bi Kumi aliliona hilo tangu mwaka wa kwanza, akalinyamazia.

Jumatatu moja, dereva hakusalimu. Aliweka karatasi kwenye jukwaa, akaondoka mbio kiasi kwamba alijigonga kwenye nguzo. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alisema yeye hana maneno mengi, anataka waoane. Alisema ameombwa ahamie lori la njia ya mpakani, ambalo makao yake ni huko huko, na kwamba Jumamosi, kabla ya kuondoka na mzigo, atatia saini au atakataa. Jibu lake litategemea jibu la Bi Kumi. Bi Kumi alisoma, akahesabu kumi. Kumi ikaisha haijafaa kitu. Akaendelea mpaka sitini, huku watu wa gundi wakidhani godoro lile lina matatizo makubwa.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, katika vyumba viwili vyenye vipande vya vitambaa mpaka kwenye sukari. Mdogo mtu alisoma ile barua akiwa na pini mdomoni, nusura azimeze. Dakika hiyo hiyo akaanza kumwita dereva shemeji. Shemeji anakula nini, shemeji anavaa shati saizi gani. Bi Kumi akamwambia atulie, mtu hachukuliwi hivi hivi, lazima akaguliwe.

"Dada," mdogo mtu akasema, "huyo ni mwanamume, si futi sita kwa nne."

Lakini aliyezoea amezoea. Jumanne Bi Kumi alipita karibu na dereva akamnusa. Alinukia dizeli na sabuni, hakuna unyevu, hakuna kilichofichwa. Jumatano, kwenye mlango mwembamba wa stoo, alimpiga kiwiko cha mbavu, akajifanya bahati mbaya, akasimama pale pale akihesabu moyoni. Dereva aliguna, akajikunja, na ilipofika nne alikuwa ameshanyooka na kumwomba radhi yeye kwa kuwa njiani. Nne. Kuna magodoro ya maharusi yasiyorudi kwa nne. Alhamisi akamkandamiza zaidi: alimwambia mbele ya wapakiaji wote kwamba mzigo wake umefungwa ovyo. Kamba, ambaye ndiye aliyeufunga, alikasirika mno. Dereva hakubisha. Aliufungua, akaufunga upya, akarudi na kuuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Sasa je?"

Ijumaa jioni mdogo wake, akiwa ameinamia cherehani na uso wa mtu asiyejua dhambi, aliuliza kile kipimo cha kulala chali kitafanyikaje. Bi Kumi alimrushia ndala. Baada ya hapo walicheka wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Kicheko kilipoisha, Bi Kumi alichukua karatasi ajibu. Aliandika "Ndugu dereva" na hapo hapo akakwama. Alitaka kusema ndiyo, na hilo alilijua tangu Jumatano penye mlango wa stoo, huenda na kabla. Lakini kila neno aliloliwaza lilimwogopesha. Ukishasema unamtaka mtu, umejiweka juu ya jukwaa, na ni yeye sasa anayeweza kukurudisha. Mdogo wake akajitolea kumwandikia. Akakataa. Akasema atajibu kwa namna ambayo dereva anaielewa, kwa sababu dereva amezibeba gudi zake miaka yote.

Jumamosi aliwahi kufika kuliko mlinzi. Aliitandaza barua ya dereva juu ya jukwaa, akakandamiza muhuri kwenye kile kisanduku chake cha bati chenye sponji ya wino, na hapo haya zikamshika, akafumba macho. Akapiga gudi moja, wima. Akapiga ya pili pembeni yake, wima vilevile. Akaikunja barua bila kuitazama. Miguu ilikataa kwenda uani, kwa hiyo alimpa Kamba aipeleke. Kisha akalala kwenye godoro la kwanza la siku, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akasahau kuhesabu.

Jambo asilolijua ni kwamba mtunza stoo alikuwa amepita jioni ya jana. Mtunza stoo huyu ni mtu wa kukausha majani ya chai juani ili ayapike tena. Alikiona kisanduku cha wino kinaelekea kukauka, na badala ya kufungua chupa mpya akamimina maji. Akakifunika na kwenda nyumbani akijisifu.

Kamba naye, bila shaka, aliifungua barua njiani. Ungekuwa wewe usingeifungua? Alipofika uani alikuwa ameduwaa. Wapakiaji wakamzunguka, na ikawa mahakama. Mmoja akasema hizi ni mbili na zimesimama wima, ni za maharusi, kesi imekwisha. Mwingine akasema aangalie wino kwanza: zimefifia, kwa hiyo ni gudi ya mtoto. Wa tatu, aliyejiona msomi, akasema lazima zisomwe pamoja, na maana yake ni kwamba Bi Kumi anampenda dereva sana, mapenzi makubwa kabisa, ya mama kwa mwanawe. Hilo likawaingia akilini wote. Hata Kamba alikubali.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Aliichukua barua, akaitazama yeye mwenyewe kwa muda, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

"Amesema akinitegemea atafika sakafuni," akasema. "Ana haki. Pakieni."

Wakapakia, na ndipo balaa lilipojitokeza. Kila godoro lililokuja kutoka kwa Bi Kumi lilikuwa na gudi iliyofifia. La tano, la nane, la kumi na mbili. Oda ilikuwa ya hosteli ya walimu. Kamba akatupa kamba chini, akaenda ndani, akamkuta Bi Kumi amelala anaangalia dari.

Alimwuliza kama anaumwa. Akamwambia magodoro kumi na mawili yote ni ya watoto, na walimu wale ni watu wazima wenye matumbo. Bi Kumi akashuka, akaivuta lebo ya karibu na kuisogeza usoni. Gudi yake ilikuwa ya rangi ya maji ya kuoshea vikombe. Akafungua kisanduku cha wino, akachovya kidole, akakiona kidole kimelowa tu.

"Na barua?" akauliza.

Kamba alisema barua vilevile, mbili zimefifia, lakini asiwe na wasiwasi, wao wamekaa na dereva na kumweleza vizuri kwamba ana mapenzi ya mama. Dereva ameelewa. Yuko ofisini anatia saini ya uhamisho, au pengine ameshatia.

Bi Kumi hakuhesabu hata moja. Alitoka mbio, pekupeku, viatu amevipanga chini ya jukwaa, muhuri mkononi. Alipita kwa watu wa gundi, akapita kwa washonaji, akatoka uani, akapita ofisini, akaona kiti kitupu na kalamu bila kifuniko. Lori lilikuwa limeshawashwa na linaelekea getini. Akakimbia kulizunguka, akasimama mbele yake katikati ya geti, na mlinzi aliyekuwa ameshafungua geti akalifunga tena kwa hofu.

Dereva alizima injini na kushuka. Bi Kumi alianza kueleza huku akihema: wino, maji, mtunza stoo, macho aliyafumba, zilikuwa mbili na zilikuwa wima. Alikuwa akimnyooshea muhuri mbele ya pua kama ushahidi. Wapakiaji wote walikuwa wamekusanyika, na yule msomi alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake.

"Ya wino nimeyaelewa," dereva alisema. "Saini sijatia, mkono ulikataa. Lakini hata wino ungekolea, huo ni muhuri. Mimi si godoro, dada. Sema mwenyewe."

Bi Kumi akafungua mdomo. Neno la kwanza kumjia lilikuwa gudi, akalimeza. La pili likawa gudi pia. Alitazama chini akaona miguu yake ina vumbi na haina viatu, mbele ya watu wote hawa, na pengine hilo ndilo lililomsaidia, kwa sababu aibu ilishamwagika yote, haikubaki ya kuficha.

"Nataka uwe mume wangu," akasema. "Naogopa utanirudisha. Ukinirudisha, niambie kosa."

Hata washonaji walikuwa wamejaa madirishani. Dereva alimtazama Bi Kumi usoni, akatazama mikono yake, akatazama miguu yake, na kwa ile sauti yake ndogo akaanza: moja, mbili, tatu. Ilichukua muda Bi Kumi kuelewa kinachofanyika. Alipoelewa, alinyoosha mgongo na kukaza mikono ubavuni. Ilipofika saba mzee mwenye kiwanda alitoka ofisini akifoka, nani amefunga geti, mzigo unachelewa. Kiwanda kizima kikamgeukia kwa pamoja na kumwambia anyamaze, mtu anahesabu.

Nane. Tisa. Kumi.

"Nimeona matatu," dereva akasema. "Unakoroma. Kila siku baada ya chakula unalala kweli kwenye godoro la mtu, na kiwanda kizima kinajua, wamekuonea haya tu. Hilo moja. Kiwiko chako ni silaha, mbavu zangu mpaka leo. Hilo la pili. La tatu, unahesabu mno, mwanamke wewe. Miaka sita nimesimama pale na kofia yangu."

Bi Kumi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na pua ilishindwa ichague upande gani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia chochote kati ya hayo. Aliyashika yote matatu, akayarudia moyoni asije akasahau hata moja.

"Na sirudishi," dereva akasema.

Akauchukua muhuri mkononi mwake. Akaupumulia, haa, kama wafanyavyo makarani wino ukiwaishia, akakifungua kiganja cha Bi Kumi na kuukandamiza hapo mara mbili, taratibu. Hakukutoka hata doa. Wapakiaji walinyoosha shingo kuona umekaaje, ukaanza mzozo mwingine pale pale. Bi Kumi hakuhitaji kutazama. Alikifunga kiganja akijua zimesimama wima, akarudi ndani kuvaa viatu, maana walimu wa hosteli walikuwa bado hawana pa kulala.